Watatu wa Kambini, Mmoja wa Norway

Kwa miaka mingi wasifu rasmi wa Kwarteti ya Nyuzi ya Denmark ulikuwa na utani ndani yake. Ulieleza kuwa wanamuziki wake ni Wadenmark watatu na Mnorway mmoja, kwamba ndevu zao zinatosha kuwafanya watu wawafananishe na Waviking wa kale, ila wao pwani ya Uingereza huipora mara mojamoja tu. Katika muziki wa klasiki, ambako wasifu wa msanii huwa ni mlolongo wa majina ya walimu, tuzo na kumbi, maneno hayo yalisomeka kama ya bendi ya mtaani.

Utani usimhadae mtu. Rune Tonsgaard Sørensen na Frederik Øland wanaopiga fidla, Asbjørn Nørgaard wa viola na Fredrik Schøyen Sjölin wa selo ni miongoni mwa wapigaji wa kwarteti wanaoheshimiwa zaidi katika kizazi chao. Jarida la Marekani la Musical America liliwachagua kuwa kundi la mwaka 2020. Rekodi zao zinatolewa na ECM ya Munich, kampuni aliyoianzisha Manfred Eicher mwaka 1969 na ambayo haimpokei kila abishaye hodi. Na njia iliyowafikisha huko haikuanzia kwenye mashindano wala kwenye chuo cha muziki. Ilianzia kwenye mpira wa miguu.

Katika mashamba ya Denmark kulikuwa na kambi ya kiangazi ya wapenzi wa muziki, watu wa ridhaa wanaopiga ala kwa raha zao baada ya kazi. Rune, Frederik na Asbjørn walifika pale wakiwa bado hawajabalehe, na kwa kuwa ndio waliokuwa wadogo kuliko wote, wakaambatana. Mchana mpira, kisha muziki wa chumbani, kisha mpira tena. Shule zilipofunguliwa waliendelea kutembeleana na kupiga pamoja, bila mtu wa kuwasimamia na bila kuwaza kwamba wanaunda kitu chochote.

Hapa inafaa kuitazama nchi yenyewe. Denmark imekuwa na Sheria ya Muziki tangu mwaka 1976, na fedha za umma zimesaidia kueneza shule za muziki katika manispaa zake, ambako mtoto wa fundi na mtoto wa daktari hujifunza fidla chini ya paa moja. Taifa hilo lina watu takriban milioni sita tu. Vipaji vitatu kama hivi kukutana kambini ni bahati, sawa, lakini ni bahati iliyoandaliwa: lazima kwanza wawepo watoto wengi wanaojua kushika upinde, na watu wazima wasioona haya kupiga muziki mgumu vibaya kidogo, kwa furaha, mbele ya watoto.

Mwaka 1999 Tim Frederiksen, profesa wa Chuo cha Kifalme cha Muziki cha Copenhagen, aliwatafuta vijana hao na kuanza kuwafundisha kwa utaratibu. Walikuwa na miaka 15 na 16. Wenyewe husema mambo yalikwenda mbio kiasi kwamba hawakutambua ni siku gani mchezo uligeuka kazi. Mwaka 2002 walipanda jukwaani rasmi katika tamasha la kiangazi la Copenhagen, na jina walilojulikana nalo enzi hizo lilikuwa na kiburi cha kitoto ndani yake: Kwarteti ya Nyuzi ya Vijana wa Denmark.

Kwarteti ni kitu gani hata kumpata mwalimu mzuri kuwe jambo kubwa hivyo? Ni fidla mbili, viola moja na selo moja. Basi. Hakuna kiongozi wa okestra anayepunga kijiti, hakuna ngoma ya kushika mapigo, hakuna mwimbaji wa kuwavuta wasikilizaji kwa maneno. Aliyezoea taarab ya Zanzibar amewaona wapigaji fidla wakiketi kwa safu na kuuandama wimbo mmoja kwa pamoja. Humo mtu akiteleza, jirani yake anamfunika. Ndani ya kwarteti kila mmoja ana njia yake peke yake, na akiteleza ukumbi mzima unasikia. Ishara ya kuanza ni pumzi, au jicho, au bega linaloinuka kidogo. Joseph Haydn, Mwaustria aliyeupa muziki huu umbo lake katika karne ya 18, aliacha kwarteti 68, na tangu hapo karibu kila mtunzi mkubwa wa Ulaya ameutumia kama mahali pa kusema yale asiyoweza kuyasema mbele ya okestra.

Ndiyo maana kwarteti nyingi huvunjika. Zile zinazodumu huwa ni visa vya kusimuliwa: Amadeus ya London ilipiga kwa takriban miaka 40 bila kubadili mtu hata mmoja, na mpiga viola Peter Schidlof alipofariki mwaka 1987, waliobaki hawakutafuta mwingine, walifunga kazi. Kwa kawaida wanafunzi hukutana chuoni, hupatana kitaaluma, kisha hugundua katika safari ya tatu kwamba hawapendani. Vijana wa Denmark walifuata mpangilio wa kinyume. Walijua nani hukasirika akifungwa bao kabla hawajajua nani huharakisha mapigo.

Rekodi zao za kwanza, zilizotolewa na kampuni ya Dacapo mwaka 2007 na 2008, zilikuwa za kwarteti za Carl Nielsen. Kwa kundi la Denmark uteuzi huo unaonekana wa kawaida, kwa sababu Nielsen ndiye mtunzi mkuu wa taifa. Lakini maisha ya mtunzi huyo yanaeleza mengi kuhusu njia ambayo kwarteti ingeifuata baadaye. Alizaliwa mwaka 1865 katika kisiwa cha Fyn, mmoja wa watoto 12 wa mpaka rangi wa nyumba ambaye jioni alikuwa mpiga fidla wa kijiji. Carl naye alipiga fidla kwenye harusi na ngoma za wakulima tangu utotoni, akajiunga na bendi ya jeshi mjini Odense akiwa na miaka 14, kisha akaingia chuoni Copenhagen na hatimaye okestra ya kifalme, alikokaa kwenye safu ya fidla za pili kwa miaka mingi. Alitoka kwenye ngoma za kijijini kwenda kwenye ukumbi wa mji mkuu. Rune na wenzake wangekuja kuipita barabara hiyohiyo, ila wao wakitokea upande wa ukumbini.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtihani. Mpiga selo waliyeanza naye aliondoka, na mwaka 2008 nafasi yake ikachukuliwa na Sjölin kutoka Norway. Kubadili mtu mmoja kati ya wanne ni kuifumua kwarteti nzima na kuishona upya, na selo ndiyo sakafu ambayo wengine watatu husimama juu yake. Mgeni alitakiwa aingie kwenye urafiki wenye umri wa zaidi ya miaka kumi, wenye mizaha yake na ugomvi wake uliokwisha sahaulika. Mwaka mmoja tu baadaye, 2009, wanne hao walitwaa tuzo ya kwanza katika Shindano la Kimataifa la Kwarteti la London, shindano ambalo leo linabeba jina la ukumbi wa Wigmore. Yapo mashindano mengi ya muziki Ulaya ambayo mshindi wake husahaulika kabla ya maua kunyauka. Hili si mojawapo. Mameneja na waandaaji wa matamasha hulifuatilia kwa makini.

Jambo jingine waliloliamua mapema lilihusu fidla. Kwa desturi mpiga fidla wa kwanza ndiye bwana mkubwa: anapata wimbo mtamu, anatoa ishara, anapigiwa makofi zaidi. Øland na Sørensen walikataa cheo hicho na wakawa wanabadilishana, leo huyu, kesho yule. Si wao waliobuni mtindo huu. Emerson ya Marekani ilifanya hivyo tangu ilipoanza mwaka 1976 hadi ilipostaafu mwaka 2023. Kwa vijana waliokuwa wakigombea mpira uwanjani, pengine hakukuwa na njia nyingine ya kulinda amani.

Mwaka 2013 milango miwili mikubwa ilifunguka kwa pamoja. BBC iliwaingiza katika mpango wake wa wasanii wa kizazi kipya, unaompa mwanamuziki kijana nafasi ya kurekodi na kusikika redioni kwa miaka miwili, na jumuiya ya muziki wa chumbani ya Lincoln Center, New York, ikawachukua katika programu yake ya vijana. Kuanzia hapo maisha yakawa ya viwanja vya ndege, na kwenye ndege selo hukatiwa tiketi ya kiti chake yenyewe.

Mwaka uliofuata, wakati kila mtu alitarajia rekodi ya Beethoven, walitoa Wood Works: albamu nzima ya nyimbo za asili za nchi za kaskazini.

Nyuma ya uamuzi huo yuko Sørensen. Yeye ana mguu mmoja katika muziki wa kienyeji. Pamoja na Nikolaj Busk na Ale Carr anaunda Dreamers' Circus, kundi la watu watatu linalopiga muziki wa asili wa kaskazini kwa namna yake. Nyimbo za aina hiyo kwarteti ilikuwa imezipanga upya kwa ala nne na kuzitumia kama vipande vya nyongeza mwishoni mwa maonyesho, pale wasikilizaji wanapokataa kuondoka. Walipozikusanya, ilidhihirika kwamba si vitafunio. Ndani ya albamu kuna nyimbo tatu za harusi kutoka Sønderho, kijiji kilicho ncha ya kusini ya kisiwa cha Fanø, ambako desturi ya kupiga nyimbo hizo kwa bibi na bwana harusi haijafa. Kuna waltzi ya mpiga fidla wa Uswidi aliyejulikana kama Lasse wa Lyby. Si muziki wa makumbusho. Ni muziki ambao mtu fulani, mahali fulani, bado anaucheza kwa miguu.

Uzuri wa mpangilio wao uko katika kile walichokiacha. Ni rahisi mno kuuvika wimbo wa kijiji nguo za ukumbini, kuujaza sauti nene na mapambo hadi mwenyewe asiutambue. Hawa wanaacha upinde ukwaruze. Wanaacha wimbo uimbwe na viola peke yake, bila chochote chini yake ila noti moja ndefu ya selo. Kuna wakati fidla inasikika kama filimbi, na wakati mwingine zote nne zinavuma kama kinanda cha mkono.

Last Leaf ya mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi. Humo mna Drømte mig en drøm, wimbo usiohusu dini ulio wa kale kuliko wote uliowahi kuandikwa kwa noti katika nchi za kaskazini. Umehifadhiwa mwishoni mwa Codex Runicus, kitabu cha sheria kilichoandikwa kwa herufi za kirunu yapata mwaka 1300, na Wadenmark wengi wanaujua bila kujua wanaujua: sauti zake zilitumiwa na redio ya taifa kujaza nafasi kati ya vipindi tangu miaka ya 1930. Humohumo mna Shine You No More, utunzi wa Sørensen mwenyewe uliochipuka kutoka kwenye wimbo wa John Dowland, Mwingereza aliyekuwa mpiga luti katika jumba la Mfalme Christian wa Nne wa Denmark kati ya mwaka 1598 na 1606. Dowland alisifika kwa huzuni. Sørensen amelichukua tone la huzuni hiyo na kulichezesha ngoma.

Yapo masikio yanayoona upande huu wa kwarteti kuwa mwepesi, na hayana makosa kabisa. Vipande vichache katika albamu hizo ni vitamu kupita kiasi, vizuri kwa jioni ya mvua na si zaidi. Ila anayewahukumu kwa hivyo tu atakuwa hajafungua rekodi nyingine zilizokuwa zikitoka sambamba. Albamu yao ya kwanza kwa ECM, ya mwaka 2016, haikuwa na wimbo hata mmoja wa kuimbika njiani. Ilikusanya kazi za Thomas Adès wa Uingereza na Wadenmark Per Nørgård na Hans Abrahamsen, zote zikiwa zimeandikwa na watunzi hao walipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu: Nørgård mwaka 1952, Abrahamsen mwaka 1973, Adès mwaka 1994. Muziki wa vijana, umechaguliwa na vijana, na mgumu.

Kisha ikaja Prism, mradi wa albamu tano kuanzia mwaka 2018 hadi 2023, ambao kwa maoni ya mwandishi huyu ndio kipimo chao halisi.

Beethoven aliandika kwarteti zake tano za mwisho kati ya mwaka 1824 na 1826, akiwa kiziwi, na kuzimaliza miezi michache kabla ya kifo chake cha Machi 1827. Ni muziki uliowashangaza watu wa wakati wake, na kwarteti yoyote inayojiheshimu lazima siku moja iukabili. Kinachowatofautisha Wadenmark ni namna walivyoupanga. Kila albamu ina fyuga ya Johann Sebastian Bach, yaani kipande ambacho sauti moja hutangulia na nyingine kuifukuzia kwa maneno yaleyale. Humo pia kuna kwarteti moja ya Beethoven, pamoja na kazi ya mtunzi aliyekuja baada yake. Mwanga unaingia kwa Bach, unapita kwa Beethoven, unatokea upande wa pili umegawanyika rangi.

Katika ya kwanza upande huo wa pili ni Shostakovich, kwarteti ya 15 ya mwaka 1974, sehemu sita ambazo zote ni za polepole, iliyoandikwa mwaka mmoja kabla ya mtunzi kufariki. Katika ya pili mshikamano unasikika waziwazi. Kwarteti ya Opus 130 ilikuwa na mwisho wa kutisha, fyuga ndefu na kali hata mchapishaji akamwomba Beethoven aandike mwisho mwingine mwepesi, naye akakubali. Wadenmark wamerudisha ule mkali. Karibu nao wameweka kwarteti ya tatu ya Alfred Schnittke, ya mwaka 1983, ambayo imejengwa kwa vipande vya wengine, kikiwemo hichohicho cha fyuga ya Beethoven. Msikilizaji hahitaji shahada ili atambue kwamba kitu alichokisikia kwanza kama kelele za karne ya 19 kimerudi kikiwa kimevaa koti la Kisovieti.

Prism III ina Opus 131, sehemu saba zinazopigwa kwa takriban dakika 40 bila kusimama. Kwa kuwa hakuna mapumziko, hakuna nafasi ya kukaza nyuzi zilizolegea, na wapigaji hulazimika kurekebishana kwa vidole wakiwa njiani. Hapo ndipo miaka yote ya kujuana inapolipa. Fyuga ya mwanzo wanaipiga kwa sauti ndogo, karibu bila kutikisa vidole juu ya nyuzi, mtindo waliouzoea kwenye nyimbo za Fanø na za visiwa vya Faroe. Ghafla mtu anaona kwamba Wood Works na Prism si miradi miwili. Mikono iliyojifunza kuacha wimbo wa harusi uwe mtupu ndiyo inayomwacha Beethoven awe mtupu.

Februari 2020 walizipiga kwarteti zote za Beethoven mjini New York, kwa mfululizo wa maonyesho sita katika ukumbi wa Alice Tully. Wiki chache baadaye korona ilifunga kumbi za dunia, na makundi mengi yaliyokuwa yamejipanga kusherehekea miaka 250 tangu kuzaliwa kwa mtunzi huyo yakabaki na ratiba zisizo na kazi. Wao walikuwa wameshamaliza.

Baada ya Prism ukaja mradi wa Doppelgänger, uliowekwa kwa Franz Schubert aliyefariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31. Kazi nne kubwa za miaka yake ya mwisho zimepewa mwenzi mpya kila moja, kutoka kwa Bent Sørensen wa Denmark, Lotta Wennäkoski wa Finland, Anna Thorvaldsdottir wa Iceland, na Adès, yule ambaye kazi yake ya ujanani walianza nayo ECM. Adès aliwaandikia Wreath for Franz Schubert, kipande cha wapigaji watano, kwa kuwa kilitakiwa kiende na kazi ya Schubert yenye selo mbili.

Tangu 2007 wana tamasha lao wenyewe Copenhagen, wanakoalika marafiki na kupanga programu watakavyo. Mwaka 2024 walirudi kwenye nyimbo za asili kwa albamu ya Keel Road, wakivuka Bahari ya Kaskazini hadi Ireland na nyimbo za Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu wa karne ya 17 na 18.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia kwarteti, pa kuanzia ni Shine You No More. Ni fupi, na mguu utagonga sakafu wenyewe. Akiipenda, asogee Prism IV, penye Opus 132, na atafute sehemu ya tatu ambayo Beethoven aliiandika mwaka 1825 kumshukuru Mungu baada ya kupona ugonjwa. Ni ndefu, zaidi ya dakika 15, na kwa dakika za mwanzo haionekani kwenda popote. Avumilie hadi pale muziki unapoamka na kuanza kucheza, kisha airudie tangu mwanzo.